Wakala wangu wa Kurasini: shehena tatu za aloi, kutoka Kabwe hadi melini

Kila siku saa mbili asubuhi simu yangu hupokea ujumbe mmoja wenye mistari kumi, mstari mmoja kwa kila lori. "Namba 4 kalala Mpika, anaondoka saa tatu. Namba 7 bado yuko mpakani, T1 haijatoka, shida ni jina la mpokeaji, tumeshapeleka sahihisho." (T1 ni hati ya forodha ya mzigo unaopita nchini.) Hakuna salamu ndefu, hakuna "tunalifanyia kazi". Katika mwaka mzima ambao nimeitumia kampuni hii ya uwakala wa forodha na usafirishaji, ujumbe huo umekosekana siku mbili tu. Hizo mbili nitazieleza, maana ndizo zilizoniumiza.

Jina lao siliandiki, kwa sababu kuna madai ambayo bado tunayazungumza mezani na sipendi kumpaka mtu tope kabla hatujamaliza. Ninachotaka kueleza ni namna wanavyofanya kazi. Kila mtu anayesafirisha metali huuliza swali lilelile: mzigo utachukua siku ngapi? Mawakala wengi hulijibu kabla hujamaliza kuuliza. Hawa hawakulijibu. Siku ya kwanza nilipofika ofisini kwao Kurasini, Dar es Salaam, dada anayesimamia shughuli alinipa kiti, akanipa maji, kisha akauliza: "Mzigo umeshayeyushwa, au bado uko tanurini?" Niliweka mkoba chini nikajua leo tutazungumza.

Mzigo wenyewe ni silikomanganizi, aloi ya manganizi, silikoni na chuma. Bosi wangu hununua Kabwe, Zambia, na kuiuza kwa viwanda vya nondo vya Uturuki, ambako huitumia kuondoa oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka na kukiongezea uimara. Ukishika kipande mkononi utadhani ni jiwe la kijivu, linalong'aa pale lilipovunjikia, ila uzito wake unaushtua mkono. Tunauza daraja la manganizi asilimia 65 na silikoni asilimia 16, vipande vya milimita 10 hadi 50, katika magunia makubwa ya tani moja moja. Kontena la futi 20 linachukua magunia 27. Ukifungua mlango baada ya kupakia, magunia yanafika kifuani kwangu tu na juu kote ni hewa, lakini huwezi kuongeza hata moja, kwa sababu uzito umeshakwisha. Shehena yetu moja ni makontena kumi, yaani tani 270, na tani hizo husafiri kwa malori kumi kwa barabara ya kama kilomita 1,800 hadi Dar es Salaam, ndipo ziingizwe kwenye makontena katika bandari kavu.

Mimi ni mzaliwa wa Tunduma. Mama yangu aliuza wali na maharage kwa madereva waliopanga foleni, na mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea sahani huko huko kwenye malori. Foleni nimeijua kabla sijajua kusoma vizuri. Nikiwa mtoto niliamini wote pale wanasubiri kitu kimoja, mpaka ufunguliwe. Nilipoanza kuelewa maneno yao ndipo nikagundua kila dereva ana lake: huyu karatasi yake imeandikwa tani 28 na lori lina 30, yule dhamana ya forodha ya tajiri wake imejaa, mwingine wakala wake kazima simu. Lori limesimama Tunduma, lakini kilicholisimamisha kilifanyika ofisini wiki mbili nyuma. Kwa hiyo wakala ninampima kwa kile anachofanya kabla gari halijawashwa.

Shehena yetu ya kwanza, Machi 2024, ilikuwa na wakala mwingine. Nitaisimulia ili ujue natokea wapi. Kwenye nyaraka za kuomba nafasi melini, mtu wa ofisi ile aliandika namba ya ushuru 7202.21 badala ya 7202.30. Tarakimu mbili tu. Lakini 7202.30 ni silikomanganizi, na 7202.21 ni ferosilikoni yenye silikoni zaidi ya asilimia 55. Ferosilikoni ikipata unyevu inaweza kutoa hidrojeni, gesi inayowaka, pamoja na gesi nyingine za sumu. Ndiyo maana imo kwenye orodha ya mizigo ya hatari, namba UN 1408, daraja la 4.3. Watu wa mizigo ya hatari kwenye kampuni ya meli walipoona namba ile wakafunga nafasi yetu, na walikuwa sahihi kabisa kufanya hivyo. Nani apakie kitu cha namna hiyo jirani na mizigo mingine bila maandalizi? Kusahihisha, kutuma karatasi ya usalama ya bidhaa, kupata barua ya kiwanda kwamba mzigo si wa hatari, kusubiri majibu: siku tisa. Makontena yalikuwa yamefungwa tayari, yamekaa kwenye bandari kavu yakihesabiwa gharama kila usiku, na masika ilikuwa imeshika kasi. Wakala yule aliniambia "mfumo wa meli una shida". Nilikuja kuiona namba ile mwenyewe siku ya saba, nikiwa nimekaa na nakala sakafuni nyumbani.

Sasa hawa wa Kurasini. Kabla ya lori la kwanza kuondoka Kabwe wanataka rasimu ya kila hati: ankara, orodha ya magunia, cheti cha uchambuzi, cheti cha asili, vibali vya Zambia, maelekezo ya hati ya shehena (BL), na LC ya benki ya mnunuzi, yaani ahadi ya benki kulipa hati zikiwa sawa. Yupo kijana wao wa nyaraka. Huyu anaweka rula juu ya karatasi, anaisogeza mstari kwa mstari, anasoma kwa sauti, na mwenzake anafuatilia kwenye karatasi ya pili. Niliwakuta hivyo mara ya kwanza nikadhani wanafundishana. Mstari wa sita akasimama: "Dada, hapa wameandika uzito halisi tani 27.000, na uzito wa jumla pia 27.000. Gunia tupu halina uzito?" Gunia tupu lina kilo mbili hivi, kwa magunia 27 ni zaidi ya kilo 50. Ni kitu kidogo, lakini benki inayolipa kwa LC haiangalii udogo. Hati zikigongana inakataa, na wewe una siku 21 tangu tarehe ya kupakia kuwasilisha nyaraka zilizonyooka. Mara hiyo hiyo akakuta cheti kimoja kinasema "Silico Manganese" na kingine "Ferro Silico Manganese". Vyote viwili vinaeleweka kwa mtu wa chuma, ila LC ilikuwa na jina moja. Tukarekebisha siku hiyo hiyo, kwa simu, bila gharama, mzigo ukiwa bado uwanjani kwa mwenyewe.

Kwa kazi hiyo peke yake ningewapa nyota tano.

Lile swali la tanuri nalo lilikuwa na maana yake. Tani moja ya silikomanganizi hula takribani uniti 4,000 za umeme. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame ambao serikali ilitangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, maji ya Bwawa la Kariba yakashuka, na mgawo wa umeme ukawa wa kutisha. Kiwanda kikikosa umeme tanuri linapoa, na tanuri lililopoa halirudi kazini kwa kubonyeza swichi. Agosti ile, kwa shehena ya kwanza tuliyowapa hawa, muuzaji alituambia tani 270 ziko tayari. Dada wa shughuli akasema: "Niruhusu nimtume mtu akahesabu." Mtu wao akaingia uwanjani, akahesabu gunia kwa gunia, akanipigia picha ya kila safu. Yalikuwa magunia 140. Kama tungepeleka malori kumi, nusu yangelala pale yakidai fidia ya kusubiri kwa siku zisizojulikana, na madereva wangelala chini ya trela. Tulipeleka matano, na mengine matano baada ya siku kumi na mbili.

Kupata hayo matano ya pili ndiko kulikokuwa kazi. Mtu wa nje anaweza kudhani barabara hii ina malori tele, na ni kweli yapo, lakini mengi yanapandisha mzigo kutoka Dar kwenda Kongo na yanataka kurudi na shaba. Shaba inalipa kuliko aloi yetu. Mwenye lori aliyeshusha Lusaka au Copperbelt anapima: apande hadi Kolwezi, Kongo, akapate shaba, au ajaze magunia Kabwe arudi nyumbani? Agosti hiyo hiyo Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka yake na Kongo, ikiwemo Kasumbalesa, kwa mgogoro wa kibiashara. Mzigo wetu haukatizi Kasumbalesa hata kidogo, lakini malori yaliyokwama upande wa pili yalikuwa ni malori ambayo sisi tungeyatumia. Wakala wangu alinieleza hivyo siku ya kwanza ya kufungwa, kabla sijauliza, akaniambia niwaandikie Waturuki wiki moja zaidi. Niliandika. Mnunuzi alijibu kwa mstari mmoja wa shukrani. Mnunuzi anayeambiwa mapema anapanga tanuri lake. Anayeambiwa siku ya mwisho anatafuta muuzaji mwingine.

Kuna jambo moja la njiani ambalo nataka kulieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu sijaliona kwa wakala mwingine yeyote. Katika shehena hiyo ya Agosti, lori la tatu lilizuiwa kwenye mizani ya Kapiri Mposhi, kilomita zisizofika 70 kutoka kiwandani. Uzito wa jumla ulikuwa chini ya kikomo, tena kwa mbali. Ila magunia yalipangwa kuanzia nyuma ya trela kuja mbele, mpakiaji akaishia katikati, na kundi la ekseli tatu za nyuma, linaloruhusiwa tani 24, likazidi. Mzigo wa nguo ungeweza kusukumwa kwa mikono. Gunia la tani moja halisukumwi. Ilibidi foklifti ikodiwe mjini, ije, isogeze magunia manne, lori lipimwe tena: siku moja na nusu imekwenda. Dereva, mzee wa Makambako, alinipigia usiku. "Shikamoo mzee," nikamwambia, "pole sana." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mimi sina neno, ila mwambie aliyepakia aje alale hapa na mimi."

Wiki iliyofuata mtu wa wakala alikwenda Kabwe na chaki. Akapima sakafu ya trela, akachora mistari: gunia la kwanza hapa, la pili hapa, acha nafasi ya hatua moja juu ya ekseli za nyuma, mbele ongeza. Akapiga picha, akaituma kwa kila dereva, akamwachia mpakiaji wa kiwandani nakala iliyowekwa kwenye plastiki. Malori yote yaliyofuata, kwa shehena mbili na nusu, hakuna hata moja lililozuiwa mizani, si Kapiri Mposhi, si Mpemba, si Makambako, si Vigwaza. Chaki ya shilingi mia tano.

Tunduma yenyewe sina mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, lori linaloingia Tanzania linafanyiwa kazi upande mmoja tu badala ya kusimama mara mbili. Inasaidia sana kama taarifa zimeshatumwa kwenye mfumo kabla lori halijafika. Lisipotanguliwa na karatasi, litasimama kama malori ya utotoni mwangu. Ukumbuke pia Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Nimeshaona mtu anaahidi "saa tisa" na wenzake wakaisikia saa tisa nyingine. Baada ya hapo dereva ana Mbeya, Makambako, Iringa, halafu mteremko wa Kitonga. Gari moja likianguka Kitonga, wote mnalala hapo. Hilo hakuna wakala wa kulizuia, na hawa hawajifanyi kulizuia. Wanaandika "Kitonga imefungwa tangu saa nne usiku, tuna watatu juu, wawili wameshashuka", basi, nawe unapanga bandari kavu kwa watakaofika. Kwa kawaida malori yangu hutumia siku sita hadi nane kutoka Kabwe hadi Dar. Hesabu vizuri: tangu oda hadi meli kung'oa nanga, Agosti tulitumia siku 41. Barabara ilikula nane tu kati ya hizo.

Kuhusu sampuli niseme kidogo. Mkaguzi huru anachukua vipande kwenye magunia, vinasagwa, vinapimwa maabara, na cheti ndicho kinachoruhusu bei kukubaliwa. Januari 2025 majibu yalitoka manganizi asilimia 64.1 badala ya 65. Hili si la wakala, ni letu na muuzaji, na ubishi wa bei ulichukua siku tano. Walichofanya wao ni kuniuliza kabla ya kupakia kama nataka malori yasubiri au yaanze kuja huku tukibishana. Nilisema yasubiri. Nilikosea, yangekuja tu, kwa kuwa mwisho tulikubaliana punguzo dogo. Ila niliulizwa, na uamuzi ulikuwa wangu.

Sasa zile siku mbili.

Ilikuwa shehena hiyo hiyo ya Januari. Malori yalifika vizuri, magunia yakaingizwa kwenye makontena kwenye bandari kavu wanayoitumia, chini ya paa, forodha ikashuhudia, lakiri zikafungwa. Kilichobaki ni kupima kila kontena na kuwasilisha uzito uliothibitishwa, VGM, sharti ambalo linafuatwa dunia nzima tangu Julai 1, 2016. Bila VGM kontena halipandi melini, hata kama liko getini. Ijumaa mchana mizani ya ile bandari kavu iliharibika yakiwa yamepimwa makontena sita. Dada wa shughuli alikuwa likizo ya uzazi, na aliyeshika nafasi yake aliamua mizani itatengenezwa kesho. Jumamosi sikupata ujumbe. Jumapili sikupata ujumbe. Nilipiga simu mara nyingi. Ilipokelewa mara moja na mlinzi, ambaye alinijibu kwa heshima zote kwamba ofisi imefungwa. Jumatatu saa mbili ujumbe ukaja: makontena manne hayana VGM, muda wa mwisho wa meli umepita.

Mtu atasema sita si yalikuwa tayari, yaende. Hayakuweza. LC yetu hairuhusu kugawa shehena: makontena kumi, hati ya shehena moja, meli moja. Ikabidi sita yazuiwe yasubiri manne. Meli iliyofuata ilikuwa baada ya siku nane. Tukaomba benki isogeze tarehe ya mwisho ya kupakia, mnunuzi akakubali, lakini kila badiliko la LC lina ada yake, na gharama za kuhifadhi makontena zikaongezeka. Kilichoniuma si mizani. Mizani ni chombo, huharibika. Kurasini kuna mizani nyingine, na kama ningeambiwa Ijumaa jioni ningekwenda mwenyewe kuomba tupimiwe kwingine usiku ule. Nilinyimwa taarifa, na bila taarifa nilikaa nyumbani Jumapili nikila na watoto nikidhani mzigo uko bandarini.

Waliomba radhi. Mkurugenzi wao alikuja ofisini kwetu, hakutuma barua, akakubali kulipa nusu ya gharama za kuhifadhi. Mimi nilitaka zote pamoja na ada ya benki. Hilo ndilo bado tunazungumza. Tangu hapo wameweka utaratibu wa mtu wa zamu Jumamosi na Jumapili, na nimeujaribu mara tatu kwa kupiga simu bila sababu kubwa. Mara zote amepokea mtu mwenye majibu.

Lawama yangu ya pili ni ankara zao. Ada ya uwakala iko wazi tangu mwanzo, sina shida nayo. Lakini gharama za bandari kavu zinakuja kwa vipande: leo za foklifti, wiki ijayo za kufungua lakiri, mwezi unaofuata "nyinginezo". Nimeomba mara mbili orodha moja kabla ya kazi. Waliyonipa Juni ilikuwa nzuri kuliko ya zamani lakini ile "nyinginezo" bado ipo. Kampuni inayoweza kuona kilo 50 za magunia matupu inaweza kabisa kuandika "nyinginezo" ni nini.

Baharini wakala hana usukani, ila ana macho. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, kampuni kubwa za meli zilianza kukwepa njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa mzigo wa Uturuki hilo lilibadilisha kila kitu. Shehena ya Agosti ilipanda kaskazini hadi Salalah, Oman, kubadilisha meli, halafu ikashuka tena kusini, ikazunguka bara zima. Niliifuatilia kwenye ramani ya meli. Jioni moja ilikuwa inapita mbali kidogo na pwani yetu, wiki kadhaa baada ya kuondoka hapa hapa Dar. Siku 64 hadi Iskenderun. Kwa shehena ya Januari yule kijana wa nyaraka alinipa karatasi yenye njia mbili: moja ya nauli nafuu kupitia Salalah, nyingine ya bei juu kidogo inayobadilisha meli Port Louis, Mauritius, ambayo tayari iko kusini. Pembeni kaandika kwa kalamu, "Hii hairudi nyuma." Tulichukua ya Mauritius. Siku 49. Mkopo wa bosi wangu unatozwa riba kila siku, kwa hiyo tofauti ya nauli ilirudi mapema.

Niliwauliza pia kuhusu treni. Kabwe ipo kwenye reli ya Zambia, na upana wa reli hiyo, milimita 1,067, ni sawa na wa TAZARA, kwa hiyo behewa linaweza kutoka Kabwe, likapita Kapiri Mposhi na kufika Dar bila kushusha gunia. Kwa mzigo mzito kama huu reli ndiyo mahali pake, na moyo wangu uko huko. Baba yangu mdogo alifanya kazi kwenye reli ile. Wakala angeweza kuniuzia safari hiyo. Badala yake aliniambia: "Mama, kwa LC yenye tarehe ya mwisho, mimi sitakuahidi siku za treni kwa sasa. Injini ni chache. Ukiwa na mzigo usio na haraka tujaribu tani 100." Hajaniita mama kwa umri wangu, tuko rika moja, ni ile heshima ya mtu anayekupa jibu ambalo halimpi pesa. Huo mzigo usio na haraka ninautafuta.

Shehena ya Juni 2025 ilikwenda kama kazi inavyotakiwa kwenda: siku 24 tangu oda hadi meli kuondoka. Tanuri lilikuwa na umeme, magunia 270 yalihesabiwa kabla, nyaraka zilipita chini ya rula, malori kumi yalipita mizani zote, makontena kumi yalipimwa siku mbili kabla ya muda wa mwisho. Jumamosi saa mbili asubuhi ujumbe ulikuja wenye mstari mmoja tu: "Yote kumi yapo juu ya meli, nakala ya BL tunaituma saa tano." Ilikuja saa tano kasorobo.

Kwa mwenye kontena moja la bidhaa za kawaida, sidhani kama mnahitajiana. Watakuuliza maswali mengi na utaona wanakuchelewesha. Kwa mwenye metali, iwe aloi, iwe shaba, mzigo wenye vyeti vya maabara na benki nyuma yake, waendee. Nawapa nyota nne. Ya tano ipo kwenye ile "nyinginezo" na kwenye nusu ya pili ya gharama za Januari.

Shehena yao ya nne inaanza kupakiwa Kabwe Jumatatu. Nimewapa wao. Kwenye mkataba nimeongeza kifungu kimoja kwa mkono, na mkurugenzi amekisaini mbele yangu: mizani ikiharibika, nipigiwe simu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Yule dada wa shughuli amerudi kutoka likizo. Mtoto ni wa kike. Jana aliniandikia saa mbili kamili: "Magunia 212 yameshashonwa, 58 bado. Chaki ipo."